Kutuni kabureta ya pikipiki ya kawaida: uchague sikio, mita ya resi au rangi ya plagi?

Pikipiki ndogo ambayo haijaguswa, yani ile ya cc 100 mpaka 150 ikiwa na jeti zake (vile vidude vya shaba vyenye katundu ka kupimia mafuta), ekzosi yake na ea kilina yake kama ilivyotoka kiwandani, ikianza kuzima kwenye sailensa au kula mafuta utapata washauri wengi sana. Mmoja atakwambia toa plagi uangalie rangi. Mwingine atasema we sikiliza tu, injini itakwambia yenyewe. Wa tatu ana kamita kake, anazungushia kawaya kwenye waya wa plagi anasoma namba. Na yupo wa nne ambae hata kusikiliza hataki, yeye moja kwa moja anataka abadilishe jeti. Mi nimeshapitia zote nne kwenye pikipiki yangu ya 125, nyingine kwa kujifunza na nyingine kwa hasara, ndo maana nataka niziweke bega kwa bega uone ipi inafaa wakati gani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili ujue nakupeleka wapi. Kwa pikipiki ambayo iko kama ilivyotoka, sikio likisaidiwa na mita ndo njia ya kutuni, plagi ni ya kuhakikisha baadae, na namba za jeti ziache zilivyo. Injini hiyo ilikuwa inaenda vizuri na jeti hizohizo, kwa hiyo kama leo haiendi basi kuna kitu kimechafuka, kimelegea au kimelika, na kazi yako ni kuirudisha pale ilipokuwa. Na nikisema sailensa humu namaanisha injini inavyonguruma yenyewe ukiwa umeachia mafuta, sio bomba la moshi.

Skrubu inafika wapi

Kabla ya kuchagua njia ya kutuni lazima ujue unatuni nini, na hapa ndo watu wengi wanapotea kabisa. Kabureta, yani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, haina njia moja ya mafuta, ina njia kadhaa na kila moja ina zamu yake. Kuanzia umeachia mkono wa mafuta mpaka kama robo hivi, injini inakula kupitia jeti ndogo pamoja na ile skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kuanzia robo mpaka robo tatu mwenye kauli ni sindano inayopanda na kushuka na slaidi, kile kizibo cha njia ya hewa kinachonyanyuka ukivuta mafuta. Robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Zamu hizi zinapishana kidogo, hazijakatwa kwa kisu, lakini zinatosha kukuonyesha pa kutafuta. Kwa hiyo mtu akilalamika pikipiki haina nguvu mlimani akiwa amevuta mafuta yote, alafu fundi anachukua bisibisi anaanza kuzungusha skrubu ya mchanganyiko, hapo hata azungushe mpaka jioni haitasaidia kitu maana ile skrubu kwa wakati huo haina sauti tena.

Kuna njia rahisi ya kujua uko kwenye zamu ya nani. Chukua tepu ya karatasi, bandika kipande kwenye mkono wa mafuta na kingine kwenye kiboksi cha swichi kilicho pembeni yake, chora mstari mmoja kwenye kiboksi, na kwenye mkono chora pa kuachia, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Kisha endesha. Tatizo likitokea tupia jicho mara moja uone mstari umesimama wapi. Ukitaka kujua ni hewa imezidi au mafuta yamezidi, shikilia mkono palepale alafu vuta choki kidogo sana: ikichangamka hewa ndo ilikuwa imezidi, ikizubaa zaidi basi mafuta yalishakuwa mengi na wewe umeyaongeza. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote na limeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichonacho.

Skrubu ya hewa na skrubu ya mafuta sio kitu kimoja

Hapa nitakaa kidogo maana ndo chanzo cha ugomvi mwingi, mtu anasema "fungua" mwingine anasema "funga" na wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa kabureta yake. Skrubu ya mchanganyiko ziko za aina mbili. Angalia imekaa upande gani wa slaidi. Ikiwa upande wa nyuma, kuelekea ea kilina, hiyo inapima hewa: ukiifungua hewa inaongezeka na mchanganyiko unakuwa mwepesi, ukiifunga mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa mbele, kuelekea injini, hiyo inapima mafuta yenyewe, na mambo yanageuka: ukifungua mafuta yanaongezeka, ukifunga yanapungua.

Zile kabureta zenye mpira juu, ambazo slaidi inanyanyuliwa na mvuto wa injini badala ya waya, mara nyingi zina skrubu ya mafuta, na mara nyingi imejificha chini karibu na bakuli, lile la kutunzia mafuta chini ya kabureta. Usiichanganye na ile skrubu nyingine yenye kichwa kikubwa au springi ndefu, ile ni ya kupandisha na kushusha sailensa tu, mchanganyiko haiugusi.

Kama huna uhakika ni ya aina gani, injini ikiwa imepata moto ifunge taratibu mpaka mwisho. Ya mafuta ukiifunga injini kwa kawaida inazima. Ya hewa ukiifunga injini inakuwa nzito, inakoroma, lakini mara nyingi inaendelea kuwaka. Na ukifunga, funga kwa vidole viwili mpaka iguse basi, usikaze. Ncha yake ni nyembamba kama ya sindano ya cherehani, ukiikaza inajichonga mduara au inakatikia ndani ya tundu, na kabureta iliyokatikiwa ncha ndani haituniki tena kwa njia yoyote kati ya hizi ninazozilinganisha. Nyuma ya hiyo ncha kuna springi, kuna washa ndogo, na mara nyingi kuna kiringi cha mpira kidogo kuliko punje ya mtama. Ukiitoa skrubu kwa kuisafisha weka kitambaa cheupe chini, maana kile kiringi kikipotea hewa inapita pembeni na hautapata sailensa iliyotulia hata ufanyaje.

Kabla ya njia yoyote, usafi

Hili halina mashindano, njia zote nne zinalihitaji. Ea kilina iwe safi na boksi lake limefungwa. Klirensi ya valvu, yani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, iwe sawa, kwenye injini ndogo mara nyingi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi, kitabu cha pikipiki yako kitakupa namba kamili. Mpira au manifodi inayounganisha kabureta na injini isiwe na ufa. Ukishuku ufa, injini ikiwa kwenye sailensa nyunyizia maji kidogo kuzunguka mpira huo, mngurumo ukibadilika ujue hewa inaingilia hapo. Wapo wanaotumia petroli kufanya hivyo, mi siwezi kukushauri, injini ya moto na petroli ya kunyunyiza ni moto wa kweli.

Kisha jeti ndogo. Tundu lake kwenye pikipiki nyingi za saizi hii ni kama milimita 0.35 mpaka 0.40, na petroli iliyokaa miezi inaacha gundi ya kahawia ambayo inatosha kabisa kulifunga. Pikipiki yangu iliwahi kukaa karibu miezi miwili bila kuwashwa, ilipowashwa ikawa haikai sailensa bila choki. Nikazungusha skrubu, nikaifungua raundi moja, mbili, tatu, kwenye nne ndo ikakaa kidogo. Ile nne ilikuwa ndo jibu lenyewe. Skrubu ya mafuta kwa kawaida inapatia kati ya raundi moja na nusu na mbili na nusu hivi tangu ilipogusa. Ikitaka zaidi ya tatu, inakwambia njia ya mafuta ni nyembamba kuliko inavyotakiwa. Ikitaka chini ya moja, mafuta yanapita mengi, na hapo kaangalie boya (linaloelea kwenye bakuli na kufunga mafuta yakijaa) kama limeinama au sindano yake imechakaa, au choki kama inarudi mpaka mwisho. Nikafungua bakuli, nikatoa jeti ndogo, nikainyanyua kwenye jua, sikuona mwanga. Nikailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, nikapitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikapuliza kwa pampu mpaka nikaona kiduara cha mwanga kimekamilika kabisa. Usipitishe waya wa chuma, jeti ni ya shaba laini na tundu la milimita 0.38 likikwaruzwa kidogo tu sio 0.38 tena. Nilivyorudisha skrubu ikatulia kwenye raundi moja na robo tatu.

Baada ya hapo sasa ndo unachagua.

Sikio

Njia hii ndo ya zamani na bado ndo bora kwa mtu mwenye pikipiki moja. Endesha dakika 10 mpaka 15, sio kuiacha inanguruma imesimama, iendeshe kabisa ipate moto wake wa kawaida. Rudi, iweke kwenye stendi kubwa. Kabla ya kugusa chochote hesabu skrubu imefunguka raundi ngapi: ifunge taratibu ukihesabu mpaka iguse, andika, alafu irudishe. Watu wanaruka hapa na baadae hawana pa kurudia.

Pandisha sailensa kidogo kuliko kawaida. Anza kuzungusha skrubu ya mchanganyiko robo raundi kwa robo raundi, na kila ukizungusha toa mkono usubiri sekunde 10 au 15, maana injini inachelewa kujibu na ukiwa na haraka utakuwa umeshapita pale pazuri bila kujua. Kuna upande ukienda resi, yani kasi ya mizunguko ya injini, inapanda na sauti inakuwa safi, mapigo yanafuatana sawasawa. Endelea upande huohuo mpaka ianze kushuka tena, alafu rudi katikati ya pale palipokuwa juu. Ikishapanda rudisha sailensa chini kwa skrubu yake, urudie zoezi zima mara ya pili. Mara ya pili ndo inatoa majibu ya kweli, ya kwanza inakusogeza tu karibu.

Sasa sikio linasikia nini? Hewa ikizidi sauti inakuwa kavu na kali, resi inapanda na kushuka yenyewe kama mtu anachezea mkono, na ukivuta mafuta kidogo ukaachia inachelewa kushuka, inaning'inia juu kwanza. Ukishuka mteremko umeachia mafuta inapasuapasua kwenye ekzosi. Mafuta yakizidi sauti inakuwa nzito, inaruka pigo mojamoja, moshi unanuka petroli na ukikaa nyuma ya bomba macho yanawasha. Ukivuta ghafla ile yenye hewa nyingi inakata kama inataka kuzima, ile yenye mafuta mengi inakohoa alafu ndo inapanda kwa uzito.

Uzuri wa sikio ni kwamba linasikia vitu ambavyo namba haiwezi kukuonyesha. Linasikia valvu zinazogonga, linasikia cheni ya taimingi, linasikia mapigo yasiyolingana. Ubaya wake ni pale juu kileleni. Kuanzia raundi moja na nusu mpaka mbili unaweza usisikie tofauti yoyote, na ukiwa sehemu yenye kelele ndo kabisa. Jingine, sikio likichoka linapenda resi kubwa. Nimeona mafundi wazuri tu wanaacha sailensa juu mno kwa sababu juu injini inasikika imechangamka, mwenye pikipiki anaondoka ameridhika, kesho gia ya kwanza inaingia kwa kishindo na pikipiki inavuta yenyewe kwenye foleni.

Mita ya resi

Kama pikipiki yako ina mita ya mizunguko kwenye dashibodi tayari unayo nusu ya njia hii. Kama haina, kuna vimita vidogo vya kidijitali, unazungushia kawaya kwenye waya wa plagi mara kadhaa na inasoma cheche. Zoezi ni lilelile la sikio, ila badala ya kuuliza "imepanda?" unasoma. Hapo kwenye kilele ambapo sikio linasema ni sawasawa, mita inakuonyesha mizunguko 1,430, 1,470, 1,460 kwa dakika, na unajua ulipopita. Sailensa ya pikipiki nyingi ndogo inatakiwa iwe kwenye 1,400 hivi, zaidi au pungufu kwa 100, na hapa mita haina mpinzani, sikio haliwezi kutofautisha 1,400 na 1,600 kama huna ya kulinganisha nayo.

Inakupa pia uwezo wa kufanya ile njia ambayo vitabu vya mafundi vinaielekeza kwa pikipiki nyingi zenye skrubu ya mafuta: unatafuta resi ya juu kabisa, unarudisha sailensa kwenye namba yake, alafu unafunga skrubu pole pole mpaka resi ishuke kwa 50 au 100, kutoka hapo unafungua kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Kwa sikio tupu kushuka kwa 50 unaweza kukukosa kabisa.

Ila mita ina mtego wake, na nimeona mtu amehangaika nao siku mbili. Injini ya stroku nne inahitaji cheche moja kila mizunguko miwili, lakini mifumo mingi ya CDI (kile kiboksi cha umeme kinachopiga cheche) kwenye pikipiki hizi inapiga cheche kila mzunguko, ile ya pili inapotea bure wakati moshi unatoka. Mita kama imeseti kusoma cheche moja kwa mizunguko miwili itakuonyesha mara mbili ya ukweli. Jamaa alikuwa anaona 2,800 na anashusha, anashusha, injini inazima, anailaumu kabureta. Kwa hiyo kabla ya kuiamini iweke sawa, na hapa sikio linarudi kuwa hakimu: injini inayonguruma kwa utulivu hivo haiwezi kuwa kwenye 2,800.

Ubaya mwingine mita haijui afya ya injini. Manifodi yenye ufa inaweza kukupa 1,400 iliyotulia kabisa leo, namba nzuri, na bado pikipiki inakata ukivuta. Ndo maana nikasema sikio likisaidiwa na mita, sio mita peke yake.

Rangi ya plagi

Hii ndo inapendwa zaidi kwa sababu unaona kwa macho, na mi mwenyewe naipenda, ila inatumika vibaya kuliko zote. Unatoa plagi, unaangalia lile kaure jeupe la katikati. Likiwa kahawia hafifu, kama kaki, mambo ni mazuri. Likiwa jeupe kavu hewa imezidi au injini inapata joto sana. Likiwa jeusi la masizi makavu mafuta yamezidi, na jeusi la kulowa linalong'aa hiyo ni oili, kabureta haihusiki, kaangalie ringi na sili za valvu.

Tatizo ni kwamba plagi haisomi dakika ya sasa, inasoma safari nzima iliyopita. Umetoka nyumbani na choki, ukakaa kwenye foleni, ukaendesha kwa kasi, ukasimama ukaiacha inanguruma dakika tano, alafu unatoa plagi: ile rangi ni ya kipi? Mara nyingi ni ya zile dakika tano za mwisho, na injini nyingi zikikaa kwenye sailensa muda mrefu plagi inajipaka weusi hata kama kila kitu kiko sawa. Mtu anaona weusi anapunguza mafuta kwenye skrubu, kesho pikipiki haiwaki asubuhi.

Ukitaka plagi iseme ukweli wa jeti kubwa, inabidi uweke plagi safi, uendeshe ukiwa umevuta mafuta yote kwa umbali wa kutosha, alafu kwa wakati mmoja ubane klachi na kuzima injini, userereke mpaka usimame, utoe plagi hapohapo. Hiyo inataka barabara ndefu isiyo na mtu, kwa pikipiki ya kwendea kazini sioni sababu ya kujiweka kwenye hatari hiyo. Na petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiachi rangi nene kama ya zamani, rangi inakaa chini kabisa kwenye shina la kaure, unahitaji tochi na jicho zuri kuiona. Plagi ya namba ya joto tofauti na iliyoandikwa kwenye kitabu nayo inadanganya, ya baridi sana inaweka masizi bila kosa la kabureta.

Kwa hiyo mi plagi naitumia hivi: nikishatuni kwa sikio na mita, naendesha siku tatu nne kwa matumizi yangu ya kawaida, ndo naitoa. Ikiwa kaki nafunga habari. Ikiwa nyeusi sana au nyeupe sana narudi kutafuta, lakini sizungushi skrubu kwa kuangalia plagi peke yake.

Wa nne, wa kubadilisha jeti

Hapa nina machungu nayo. Pikipiki yangu ilipopungua nguvu nilimpa fundi mmoja, akanishawishi kwamba injini "inabanwa", akatoa ea kilina na boksi lake akaweka kile kifilta kidogo cha wazi, akaongeza jeti kubwa namba kadhaa, na sindano akaipandisha kwa kushusha klipu kijino kimoja. Siku ya kwanza ilinguruma vizuri sana. Wiki ya pili plagi ilikuwa nyeusi, tanki lililokuwa linanipeleka wiki likawa halifiki, na katikati ya mkono, pale kwenye nusu ambapo ndo unaendesha muda mwingi, ilikuwa inazubaa. Nilipokuja kuifungua mwenyewe nikakuta vumbi jembamba kama unga kwenye njia ya hewa mpaka ndani ya manifodi. Vumbi hilo lilikuwa linapita kwenye silinda kila nikiendesha. Na kilichokuwa kimepunguza nguvu tangu mwanzo ni klirensi ya valvu ya moshi iliyokuwa imeisha kabisa, valvu haifungi vizuri. Kazi ya robo saa na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Nimerudisha jeti zote za namba yake, boksi lake, klipu kwenye kijino cha katikati ilipokuwa, na imerudi kuwa ile pikipiki niliyoinunua.

Lakini nisiwe mkali bila haki, kuna kubadilisha jeti kwa aina mbili. Kubadilisha kwa namba ileile kwa sababu ya zamani imechakaa, hiyo ni matengenezo ya halali. Sindano na kile kibomba inachopita zinasuguana kwa maelfu ya kilomita, tundu la duara linageuka la yai, na pikipiki inaanza kula mafuta kwenye nusu mkono huku sailensa ikiwa safi kabisa. Hapo hakuna skrubu itakayosaidia, weka mpya ya namba ileile. Kubadilisha namba ni jambo jingine, na kwa pikipiki ambayo haijaguswa sababu nzuri ninayoijua ni mwinuko. Kwenye mita 1,500 juu ya bahari hewa ina uzito kama asilimia 86 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa chini ikihamia milimani mafuta yanakuwa mengi kwa hewa ile. Baadhi ya vitabu vya pikipiki vinataja jeti ya namba ndogo zaidi ya kutumia huko juu, na ukiirudisha chini lazima urudishe ya mwanzo, maana hewa itazidi na injini itapata joto baya.

Kuna pia mita ya kupima moshi, ile ya kuingiza kwenye ekzosi inayosoma asilimia ya kaboni monoksaidi. Kwa usahihi inazishinda zote hapo juu, haina ubishi, na kama karakana iliyo karibu nawe inayo na kitabu chako kinataja asilimia inayotakiwa, itumie. Ila ni kifaa cha karakana, kwa mtu mmoja mmoja sio cha kukifikiria. Nilichojifunza kutoka kwake ni tahadhari: gesi hiyo haina rangi wala harufu na inaua, kwa hiyo zoezi lote la kutuni lifanyike nje, kamwe sio ndani ya chumba au banda lililofungwa.

Kwa hiyo wewe ushike ipi

Kama pikipiki yako inasumbua kwenye sailensa na mwanzo wa mkono tu, safisha jeti ndogo alafu tumia sikio, na ukipata mita hata ya kuazima tumia zote mbili siku hiyohiyo. Kama ndo mara yako ya kwanza kabisa na hujui injini nzuri inasikikaje, anza na mita, alafu uwe unasikiliza kila namba inapobadilika, sikio litajifunza humohumo. Kama inasumbua katikati, acha skrubu, kaangalie sindano na kibomba chake. Inasumbua mwishoni, angalia jeti kubwa kama ina uchafu, koki ya tanki kama inapitisha mafuta ya kutosha, na kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tanki, hicho kikiziba injini inakufa njaa na watu wanalaumu kabureta. Kama inaenda vizuri na una wasiwasi tu wa mafuta, toa plagi baada ya siku chache uangalie, na ikiwa kaki acha bisibisi mfukoni.

Na kati ya pande mbili za kileleni, kama lazima uegemee mmoja, egemea kidogo sana upande wa mafuta. Injini hizi zinapozwa na upepo, robo raundi ya mafuta ya ziada itakugharimu tone moja moja, ila robo raundi ya hewa ya ziada inaongeza joto, na asubuhi ya baridi utapiga kiki mpaka uchoke.

Ukimaliza toa kava ya pembeni, ndani yake bandika kipande cha tepu uandike kwa kalamu isiyofutika: tarehe, skrubu raundi ngapi tangu ilipogusa, sailensa ngapi, klirensi ya valvu zote mbili, namba ya jeti ndogo na kubwa, klipu kijino cha ngapi. Yangu ina mistari sita sasa na raundi haijawahi kutoka nje ya moja na nusu na mbili, kwa hiyo siku nikikuta inataka tatu sitazungusha zaidi, nitafungua bakuli.